Koti Moja, Mageti Mawili

Kwanza niungame: niliwahi kumnyima mzee koti.

Ilikuwa Julai, ule mwezi ambao Nairobi hukumbuka kwamba iko karibu mita 1,700 juu ya usawa wa bahari. Mawingu yanalala juu ya mabati tangu asubuhi, jua linachungulia saa tisa alasiri kama mgeni aliyepotea nyumba, na usiku joto linashuka hadi nyuzi 11, wakati mwingine 10. Mtu wa Ulaya atacheka. Nyuzi 10 nayo ni baridi? Basi mwambie akae kwenye kiti cha plastiki mbele ya geti, kuanzia saa kumi na mbili jioni hadi saa kumi na mbili asubuhi, manyunyu yakimpiga ubavuni, halafu aje tuongee.

Nilikuwa soja. Huku kwetu Eastlands hatusemi mlinzi. Tunasema soja, yaani mwanajeshi, ingawa silaha yenyewe ni rungu na tochi inayohitaji kupigwapigwa kabla ya kuwaka. Nilikuwa nimetoka chuo mwaka wa pili. Nilikuwa nasoma historia, karo ikakatika, na mathe, ambaye anauza sukuma na nyanya Kayole, akaniambia kwa upole kwamba historia itaningoja. Kampuni moja ya ulinzi ikanichukua bila maswali mengi. Nikapangiwa korti moja Buruburu, zamu ya usiku, pamoja na mzee mmoja ambaye hapa nitamwita Mzee tu, kwa sababu ndivyo nilivyomwita.

Korti ilikuwa na mageti mawili. Geti la mbele lilikuwa na kibanda cha mbao, paa, balbu, na mahali pa kuchajia simu. Geti la nyuma lilikuwa na jiwe, mti, na kipande cha turubai kilichofungwa kwa kamba ya katani. Na koti lilikuwa moja. Kabuti hasa: refu, zito, rangi ya kijani iliyochakaa ikawa karibu nyeusi, vifungo vitatu kati ya sita, likinuka moshi na jasho la wanaume ambao sikuwahi kuwaona. Siku ya kwanza nilimuuliza supavaiza, je, la pili liko wapi? Akaangalia simu yake, akasema neno moja.

"Mtaelewana."

Na kweli tulielewana. Mzee ndiye aliyetunga sheria: anayekaa geti la nyuma ndiye anayevaa. Tukawa tunabadilishana mageti kila wiki, na kabuti linamfuata wa nyuma. Sheria nzuri, ya haki, iliyotungwa na watu wawili bila wakili. Ilifanya kazi miezi mitatu.

Usiku ninaousema, mimi nilikuwa geti la mbele. Nilifika mapema, nikalikuta kabuti kwenye msumari, nikalivaa. Nilijiambia nina homa. Saa tano usiku Mzee akazunguka na tochi yake, akasimama nje ya kibanda, akaniangalia.

"Kijana wangu, leo koti limelala kwako?"

"Mzee, nahisi homa."

Akanyamaza kidogo. "Basi pona," akasema, akarudi kwenye jiwe lake.

Sikuwa na homa. Nilikuwa nimechoka, nilikuwa na njaa, na nilikuwa na uchungu wa kijana anayeona wenzake wakipiga picha za mahafali. Saa nane mvua ikashuka. Nilimsikia akikohoa upande wa pili wa korti, kikohozi cha chini, kile cha mtu asiyetaka kuamsha wenye nyumba. Asubuhi, kwenye daftari la OB, aliandika kwa mwandiko wake wa kuinama kwamba usiku ulipita salama na hakuna tukio. Siku nne baadaye hakuja kazini. Tuliambiwa ni nimonia. Akapelekwa ushago, na wiki iliyofuata kulikuwa na mtu mwingine kwenye jiwe.

Mtu mzima hauguzwi na usiku mmoja, najua. Alikuwa na usiku mwingi nyuma yake. Lakini huo mmoja nilikuwa mimi.

Tangu hapo nimekuwa na swali moja ambalo haliniachi: ni nani aliyemnyima Mzee koti?

*

Wiki zile nilianza kusoma usiku kwenye simu, kwa bando la saa za wachawi, mambo ya majeshi. Wazo lilikuwa la kitoto. Tunaitwa masoja, basi masoja wa kweli walikuwa wanajifunika nini? Nikaanza na Warumi, kwa sababu ndio niliowaacha chuo nusu njia.

Picha tunazoziona kwenye sinema ni za mwanajeshi wa Roma mwenye mapaja wazi, kifua cha chuma, ndala za ngozi. Hiyo ni nguo ya kwenda vitani penye jua. Kaskazini mwa Uingereza, ambako Kaisari Hadrian alianza kujenga ukuta wake mwaka 122, ungekufa nayo. Huko walivaa joho la sufu. Moja lilikuwa la mraba, linabanwa begani kwa bizimu, na usiku linageuka blanketi. Jingine lilikuwa na kofia yake, limeshonwa mbele kama poncho. Sufu nyingine haikusafishwa mafuta yote ya kondoo, kwa hiyo maji ya mvua yaliteleza juu yake badala ya kuingia. Shingoni walifunga skafu ili chuma kisiwachubue, na skafu hiyohiyo ilizuia upepo. Miguuni walizungusha vitambaa, wakavaa soksi ndani ya ndala. Ndiyo, soksi na ndala, fasheni ambayo Umoja hukosi kuiona Jumamosi asubuhi, mtu akienda dukani kununua mkate.

Hata suruali ina hadithi. Kwa Mrumi wa zamani, suruali ilikuwa vazi la washenzi, watu wa misitu ya kaskazini. Lakini baridi haina dharau. Jeshi likakaa huko kizazi baada ya kizazi, na polepole masoja wakavaa suruali kama wale waliokuwa wanawalinda au kuwapiga.

Kilichonishika zaidi kilitoka kambi moja iitwayo Vindolanda, karibu na ukuta ule. Kuanzia mwaka 1973 wachimbaji wamepata pale vipande vyembamba vya mbao vilivyoandikwa kwa wino, barua na hesabu za kambini, vilivyohifadhiwa na udongo wenye maji usiopitisha hewa. Kimoja, cha miaka ya karibu 100 baada ya Kristo, kinamwambia soja fulani kwamba ametumiwa soksi, ndala jozi mbili, na chupi mbili. Jina la aliyetuma halikubaki. Huenda ni mama. Huenda ni dada, au rafiki wa kambi nyingine.

Nilisoma hayo saa tisa usiku, ndani ya kibanda, na nikafikiria dola nzima kutoka Uingereza hadi Misri, yenye barabara na mabwawa na makodi, na bado kuna mtu anayefunga soksi kwenye kifurushi kwa sababu anajua kijana wake ana baridi. Na wanajeshi wa pale hawakuwa hata watu wa mji wa Roma. Wengi walitoka makabila ya nchi ambazo leo ni Uholanzi na Ubelgiji. Walilinda mpaka wa mtu mwingine.

Halafu nikakuta habari ya mshahara. Kuna karatasi ya mafunjo kutoka Misri, ya karne ya 1, inayoonyesha malipo ya wanajeshi wawili wa Roma. Mshahara unaingia mara tatu kwa mwaka, na chini yake yanafuata makato: chakula, viatu, nguo. Nguo za jeshi, wanalipa wao. Nikacheka peke yangu mpaka paka wa korti akanishangaa. Mfukoni nilikuwa na karatasi yangu ya mshahara, yenye safu ya makato, na mstari mmoja ulisema: unifomu. Tulikuwa tunakatwa, mimi na Mzee, kila mwezi. Kila mmoja alikuwa analipia unifomu nzima. Koti lilikuwa moja.

*

Ukitafuta koti kwenye historia ya Roma, mwishowe utakutana na Martin.

Huyu alizaliwa Pannonia, sehemu ambayo leo ni Hungary, mtoto wa afisa wa jeshi, akaandikishwa jeshini angali kijana. Mwanafunzi wake, Sulpicius Severus, aliandika maisha yake, na kisa kinachojulikana zaidi kinatokea kwenye geti. Geti la mji wa Amiens, Ufaransa ya leo, katika majira ya baridi kali isiyo ya kawaida. Maskini mmoja yuko pale uchi. Watu wanapita. Martin hana kitu cha kutoa, vingine ameshagawa, amebaki na silaha na joho lake. Akachomoa upanga, akalikata joho katikati, nusu akampa maskini, nusu akajifunika. Usiku ule akamwona Kristo katika ndoto, amevaa ile nusu.

Kanisani tumehubiriwa ndoto. Mimi nilikwama kwenye kitu kidogo kilicho kabla ya ndoto. Sulpicius anasema baadhi ya waliokuwa wakitazama walicheka, maana kijana alionekana kituko na joho lililokatwa. Lakini wengine, wenye akili zaidi, waliumia moyoni. Walikuwa na nguo nyingi kuliko yeye. Wangeweza kumvika yule maskini bila wao wenyewe kubaki uchi.

Hapo ndipo nilipoliweka simu chini. Kumbe wenye makoti ya ziada walikuwepo. Walisimama palepale. Na kazi ya kukata koti ikamwangukia mwenye koti moja.

Kitu kimoja zaidi, kwa wapenzi wa maneno. Joho la Martin lilitunzwa na wafalme wa Wafaranki kama kitu kitakatifu. Kwa Kilatini liliitwa kwa jina linalotokana na cappa, yaani joho, na mahali lilipotunzwa pakachukua jina hilo, ndiyo asili ya neno la Kiingereza la kanisa dogo. Mtunzaji wake ndiye kapelani wa kwanza. Kwa hiyo kapelani wa shule yenu, yule mliyemtoroka siku za ibada, kazi yake kwa asili ni kulinda koti. Na Wareno waliokuja pwani yetu walikuwa na capote, koti zito, kutoka mzizi uleule, na Waarabu nao wana lao linalofanana. Ndugu yake ndilo kabuti letu. Neno limezunguka dunia, kutoka geti la Amiens hadi msumari wa Buruburu, likaja na swali lake ndani ya mfuko.

*

Mtu asiniambie hizi ni hadithi za wazungu. Panda matatu kutoka mjini uje Eastlands, uone majina.

Kariokor ni Carrier Corps, iliyotamkwa na midomo yetu. Ndiyo kambi ya wapagazi wa Vita vya Kwanza vya Dunia, wanaume waliokusanywa, wengi kwa nguvu, wabebe risasi na unga wa jeshi la Waingereza kuwafuata Wajerumani hadi Tanganyika na kusini zaidi. Dar es Salaam wana Kariakoo yao, jina ni lilelile. Hesabu ya serikali yenyewe ya wapagazi waliokufa upande wa Waingereza ilizidi 40,000, na wanahistoria wanaona idadi halisi ni kubwa zaidi. Wengi mno hawakuuawa na risasi. Waliuawa na kuhara damu, malaria, nimonia, chakula kibaya, na kulala nje wakiwa wamelowa. Watu wa joto walipitishwa kwenye baridi ya milima, watu wa milima wakashushwa kwenye mabonde ya homa.

Vita Ulaya vilisimama tarehe 11 Novemba 1918. Hiyo tarehe, kwenye kalenda ya kanisa, ni sikukuu ya Martin, yule wa joho. Huku kwetu habari ilichelewa, na Wajerumani wa Afrika Mashariki walisalimu amri tarehe 25 mwezi huohuo. Wapagazi waliobaki hai wakarudi nyumbani. Waliokufa waliacha mishahara ambayo haikuwahi kuwafikia familia zao.

Mwaka 1928 wakapewa sanamu. Ukipita Kenyatta Avenue utawaona watu watatu wa shaba, mmoja wao mpagazi, na maandishi kwa Kiingereza, Kiarabu na Kiswahili yanayokiri kwamba jeshi lisingeenda popote bila wabeba mizigo. Maneno ni ya Rudyard Kipling, na ni mazuri. Lakini mtu akikudai kabuti, ukamjengea sanamu, deni bado liko.

Au tuje mbele, miaka ya hali ya hatari, iliyotangazwa Oktoba 1952. Msitu wa Nyandarua na wa Mlima Kenya si mahali pa kulala na shati. Wapiganaji wa Mau Mau hawakuwa na stoo ya jeshi. Walivaa makoti waliyoyapata walivyoyapata, na yalipoisha walishona ngozi za wanyama. Dedan Kimathi alipokamatwa Oktoba 1956, alikuwa amevaa vazi la ngozi ya chui. Kwenye picha tunaona fahari. Mimi siku hizi naona pia mtu aliyekuwa na baridi.

Na nguo zao nyingine zilitoka wapi? Zilitoka huku. Nairobi, hasa mitaa ya Waafrika ya upande huu, ndiyo iliyokuwa ikipeleka msituni pesa, dawa, nguo na risasi. Ndiyo maana Aprili 1954 serikali ya kikoloni ilileta maelfu ya wanajeshi na polisi kuuzingira mji, Operesheni Anvil, wakachuja watu mtaa kwa mtaa na kuwapeleka vizuizini. Walijua kwamba ukiwakata wanaotuma soksi, umemkata anayezivaa.

*

Sasa nirudi kwenye swali langu, kwa sababu historia tamu inaweza kuwa njia ya kukwepa.

Nani alimnyima Mzee koti?

Jibu la kwanza ni rahisi: mimi. Sheria ilikuwepo, ilikuwa ya haki, niliivunja kwa uongo. Nilikuwa na paa, yeye alikuwa na turubai. Kila mchungaji na kila bibi atakubali.

Jibu la pili nilijifunza baadaye, nilipopata hasira: kampuni. Walitukata sisi wawili pesa za unifomu, wakaleta koti moja. Wenye nyumba walilipa kwa ulinzi wa mageti mawili. Pesa zilitosha, zilikwenda kwingine. Mtu aliyesema "mtaelewana" ndiye aliyemnyima Mzee koti, tena kabla mimi sijafika.

Kwa muda mrefu nilikuwa napanda na kushuka kati ya majibu haya mawili, kulingana na usingizi. Siku nikijichukia, nasema ni mimi. Siku nikitaka kulala, nasema ni kampuni. Na yote mawili yana hila. Nikisema ni mimi tu, nimewasamehe wenye makoti stoo. Wanapenda sana nijilaumu. Mtu maskini anayejipiga kifua hana muda wa kusoma safu ya makato. Nikisema ni kampuni tu, nimejifanya mtoto, kana kwamba mkono uliolishusha kabuti msumarini haukuwa wangu.

Ninachoamini leo ni hiki. Neno "mtaelewana" lina kazi yake. Linachukua deni la mkubwa na kuligeuza kuwa mtihani wa wema kati ya wadogo wawili. Kabla ya neno hilo, kuna kampuni inayodaiwa koti. Baada yake, kuna kijana na mzee wanaotazamana kwenye manyunyu, na yeyote atakayeshinda atakuwa amefanya kosa. Nikilivaa, mimi ni mchoyo. Nikimpa, mimi ni mtu mwema, tunasifiana, na kampuni imepata usiku mwingine bila kununua koti. Hata wema wangu ungekuwa faida yao.

Utalisikia neno hili kila mahali ukilitega sikio. Shuleni, vitabu kumi kwa wanafunzi arobaini: mtaelewana. Hospitalini, kitanda kimoja, akina mama wawili: mtaelewana. Kwenye ploti, bomba moja la maji linalotoka Jumanne na Ijumaa: mtaelewana. Halafu tukigombana, wanasema sisi watu wa mitaa hatupendani.

Je, hii ina maana Martin alikosea? Nimewaza sana. Rafiki yangu mmoja, mwenye maneno makali, alisema ndiyo: Martin alipaswa kugeuka awaambie wale wenye majoho mawili mawili, nyinyi, toeni. Kukata lake kulificha aibu yao. Lakini soma tena. Hakukuificha. Aliifunua. Kabla hajakata, walikuwa wapita njia. Baada ya kukata, walikuwa watu wanaojua kwamba wana nguo za ziada. Nusu ile haikumaliza baridi ya yule mtu, nusu koti ni nusu koti. Ilimfanya apate usiku huo, na ikawafanya wengine washindwe kusema hawakuona.

Kwa hiyo kuna maswali mawili, na kosa ni kuyafanya moja. Swali la kwanza: nani anadaiwa? Swali la pili: nani yuko karibu? Deni halihami kwa sababu mimi ndiye niko karibu. Lakini baridi nayo haingoji mdaiwa apatikane. Usiku ule, saa nane, mvua ikinyesha, deni lilikuwa la kampuni, na baridi ilikuwa ya Mzee, na koti lilikuwa kwangu.

*

Siku hizi naishi Umoja, keja ya chumba kimoja, naandika vitu vya watu kwa malipo yanayochelewa. Ploti yetu ina nyumba 16 na soja mmoja wa usiku, kijana wa umri wangu. Juni iliyopita nilimwona amejifunika gunia la mkaa lililokatwa matundu ya mikono.

Nikaandika kwenye grupu la WhatsApp la wapangaji. Majibu yakaja haraka, na yalikuwa sahihi. Si kampuni ndiyo inafaa kumnunulia? Tunalipa Sh500 kila nyumba kila mwezi, za nini? Tukianza kununua makoti, kesho tutanunua viatu. Hiyo ni kuwazoesha vibaya. Nilisoma yote na kukubaliana nayo yote. Wiki tatu tulikuwa sahihi, na soja alikuwa kwenye gunia.

Wiki ya nne nikaenda Gikomba. Kama hujaenda Gikomba Julai hujaona kinaya cha dunia: marobota yamefunguliwa, na ndani yake majoho ya baridi ya Ulaya, ya sufu, yenye kofia, mengine yana karatasi ya dobi bado mfukoni, yanaanikwa juu ya vichwa vya watu wanaotokwa jasho kwa kubeba mizigo. Wenye makoti ya ziada hatimaye wametoa, na sisi tunayanunua. Nilipata moja zito, la kijivu, vifungo vyote, kwa Sh700 baada ya kubishana hadi muuzaji akaniita ndugu.

Nilimpa soja jioni hiyohiyo. Alilivaa, akafunga vifungo kimoja kimoja, akasema, "Sasa wewe utavaa nini?" Nikamwambia mimi nina nyumba.

Nikapiga picha risiti, ile aliyoniandikia muuzaji kwenye kipande cha boksi, nikaiweka kwenye grupu. Nikaandika kwamba sichangishi. Naomba tu mweka hazina, mwezi huu akilipa kampuni, atoe Sh700 na aeleze sababu. Kukawa kimya. Halafu mama wa nyumba namba 9, ambaye huwa hasemi kitu ila siku ya maji, akaandika: "Dawa ya deni ni kulipa." Wengine wakaweka vidole gumba.

Kampuni ilipiga simu mara mbili. Walisema hilo si utaratibu. Mweka hazina, mwalimu mstaafu, mtu mpole kabisa, aliwasikiliza hadi mwisho, akawaambia, "Msijali. Tutaelewana." Mwezi uliofuata hawakupiga.

Sikatai, ni jambo dogo. Koti moja, ploti moja. Nakuambia tu nilichojifunza kwa bei mbaya: mfunike kwanza mtu, halafu ipeleke risiti kwa anayedaiwa. Ukifanya la kwanza peke yake, umemlipia tajiri. Ukifanya la pili peke yake, umeshinda mjadala na mtu amelowa.

Za Mzee sijazilipa. Nimeulizia Buruburu, soja wa sasa hawamjui. Lakini kwenye daftari la hesabu la ploti yetu, mwezi wa Julai, chini ya ulinzi, mweka hazina alichora safu ya makato kwa rula, akaandika kwa wino wa bluu: koti, Sh700. Nimeenda kuliangalia mara mbili.